Mwaka wa Bibi na Bi Harusi

Nilifika msibani Kawajense na vumbi la basi bado kichwani, na kabla sijamaliza hata kilio cha mlangoni, Jeni, binti wa marehemu, akanishika mkono akanivuta hadi chumba cha ndani. Nilidhani ananipeleka kwenye godoro la wafiwa. Kumbe ananipeleka kwenye printa. "Mama mdogo, imegoma," aliniambia, macho yamevimba na sauti imekauka kwa kulia. "Mazishi kesho, ratiba haijatoka, na hii laptop niliyoazima haiitambui kabisa." Jamani! Mtu nimekalia kiti cha basi kutoka Tabora tangu alfajiri, miguu imevimba, nimekuja kumlilia dada yangu, naonyeshwa printa. Nilitaka kumjibu vibaya. Kisha nikakiona kile kitambaa cha kufuma kwa mkono, cheupe chenye pindo la bluu, ambacho Dada Skola alikuwa akiifunikia printa kila jioni kama anamfunika mtoto. Kilikuwa kimekunjwa vizuri pembeni ya meza. Hasira ikaniisha, nikavuta stuli nikakaa.

Tatizo lilikuwa lile lile la siku zote, printa ya zamani na kompyuta ya juzi. Kompyuta haiwezi kuiamuru printa bila draiva, yaani kile kiprogramu kidogo kinachozifanya zielewane, na kila toleo la Windows linataka draiva yake. Ya toleo hili ukiipeleka kwenye toleo lile, umejisumbua bure. Nikaiunganisha laptop na intaneti ya simu yangu, nikaanza kutafuta draiva inayofaa, na mtandao ukawa unakwenda kwa kusuasua. Uani wanawake wa jumuiya walikuwa wanaimba, moshi wa kuni ukiingia dirishani. Nikakaa nikiutazama mstari wa kijani ukisogea kidogo kidogo kwenye skrini, na mikono yangu ikaanza kutetemeka. Jeni akaniuliza kama ni njaa. Haikuwa njaa. Mimi nikikaa mbele ya printa inayosubiri draiva huwa naogopa, na umri huu wote nilio nao haujanisaidia kitu, na ulionipa woga huo ni mwaka mmoja tu niliokaa na mama yake.

Nilikuja Mpanda mjini kutoka Kabungu baada ya kidato cha nne, na mambo ya kwetu niyaache huko huko. Dada Skola hakuwa ndugu yangu wa damu. Alikuwa na steshenari karibu na soko, alitafuta binti wa kumsaidia, nami nilikuwa nimejifunza kompyuta kidogo parokiani, basi. Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja kirefu: mbele kaunta na benchi la wateja, katikati meza ya kompyuta, nyuma kabisa kijichumba chenye shuka la bluu ukutani cha kupigia picha za pasipoti. Kulikuwa na harufu ya wino na karatasi zilizopata moto, na mpaka leo nikiinusa harufu ile nageuka kumtafuta. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye kicheko cha kusikika hadi upande wa pili wa barabara, na mdomo wake, Mungu amrehemu, haukuwa na breki. "We Oliva, hata mausi unaishika kama unaiomba ruhusa!" alinifokea siku ya kwanza mbele ya wateja, nao wakacheka, nami nikacheka huku nataka kulia. Nilimwogopa wiki nzima. Baadaye nikagundua kwamba anayefokewa na Skola ni mtu wake, na ambaye si mtu wake hata hasemeshwi.

Kompyuta zilikuwa mbili na printa moja. Kompyuta ya zamani, yenye Windows XP, tuliiita Bibi, kwa sababu ilichukua muda kuamka na ikiamka inalalamika. Ile mpya ilikuja mwaka ule ule, ikiwa na Windows Saba, imevaa nailoni yake na Skola akakataa kuivua, akaiita Bi Harusi. Bibi na printa walikuwa wanaelewana. Bi Harusi alikuwa hamjui mtu. Sidii ya draiva iliyokuja na printa ilikuwa ya Windows ya Bibi, na kila nilipoiingiza kwa Bi Harusi nilipata maneno mekundu, jina la printa likabaki kwenye orodha yake bila kazi. Kwa hiyo kazi yetu ilikuwa hivi: mteja anachapiwa kwa Bi Harusi kwa sababu kibodi yake ni nzuri, halafu faili linabebwa kwa flashi hadi kwa Bibi, Bibi ndiye anatoa karatasi. Wateja waliona ni uchawi mtupu. Skola aliwaambia bi harusi hatumwi kazi hadi azoee nyumba.

Nyumbani, huku huku Kawajense, tulikuwa na vyumba viwili vilivyotengwa kwa hadibodi isiyofika juu. Upande mmoja alilala Skola, upande wa pili mimi na Jeni, ambaye wakati huo alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni akichoka na kukimbia akikumbuka. Baba yake Jeni hakutajwa. Jirani yetu alikuwa na mashine ya kusaga ya dizeli, na ikiwashwa hadibodi yote inatetemeka, na mkizungumza mnaonekana midomo tu. Tulikula ugali wa muhogo na dagaa, au maharage, au matembele, na siku ambayo Kaka Pius, kaka yake Skola, anarudi kutoka Ikola na samaki wake wa biashara, tulikula mgebuka wa kukaushwa aliyepikwa kwa karanga. Kabla ya kula mimi ndiye niliyeshika jagi na beseni nikawanawisha wakubwa, Skola kwanza au Pius kama yupo, kisha Jeni, mwisho nanawa mwenyewe. Ndivyo ilivyo kila mahali kwetu, mdogo anamnawisha mkubwa. Naomba hilo likumbukwe.

Kisha akaja Mwalimu Deo. Alikuwa mwalimu wa taaluma wa shule moja ya sekondari, mtu mwembamba, mwenye kalamu mbili mfukoni, na shule yake mwaka ule ilipewa kazi ya kutunga mtihani wa majaribio wa kidato cha nne wa wilaya nzima. Jenereta yao ilikuwa imekufa, hivyo akaja kwetu. Mtihani ukichapwa steshenari kuna utaratibu wake, na kila mwenye steshenari anaujua. Wateja wanatolewa, mlango unafungwa, simu zinawekwa mezani mbele ya mwalimu, mwalimu mwenyewe ndiye anachapa na ndiye anabonyeza. Karatasi zilizoharibika zinachomwa kwenye kopo nyuma ya duka, majivu yanakorogwa na maji. Mwalimu Deo aliufuata utaratibu kama misa. Alichapa Biolojia yake kwa Bi Harusi, na kabla hatujamwambia habari za ndoa ile, akabonyeza ichapishe. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya. Akabonyeza kwa hasira, tena na tena, mpaka Skola akamwambia, "Mwalimu, huyo hajaanza kazi, hamia kwa Bibi." Akahamia kwa Bibi, zikatoka nakala zake za kupeleka kudurufiwa, akalifuta faili kote kuwili, akalitoa hadi kwenye pipa la taka la kompyuta. Alipoondoka alitupa mkono sote wawili. Zile bonyeza-bonyeza zake za mwanzo hakuna aliyezifikiria tena, wala mimi wala yeye.

Siku ya kuamkia mtihani ule, treni ya Tabora ilileta flashi kutoka kwa fundi mmoja anayefahamiana na Skola. Ndani yake mlikuwa na draiva ya Windows Saba. Nilifurahi jamani! Skola alikuwa ametoka kwenda sokoni na Jeni mgongoni, na benchini walikaa wanafunzi wa kidato cha nne wakisubiri umeme utulie wapige fotokopi ya notsi zao. Umeme wa Mpanda enzi zile ulikuwa wa kukonyeza, unakuja, unaona haya, unaondoka. Flashi ilikuwa na draiva mbili, moja ya biti thelathini na mbili na nyingine ya sitini na nne, na mimi kwa haraka yangu nikaanza na isiyo yake, ikakataliwa. Nikaweka ya pili. Mstari wa kijani ukatambaa, ukafika mwisho, ikaandika kwamba iko tayari, na hapo hapo umeme ukakatika. Bi Harusi hakuzimika kwa sababu alikuwa na kile kibetri cha kumshikilia kidogo, ila printa ikazima. Nikasema basi, nitaijaribu baadaye. Akaingia mama mmoja anayetaka picha za pasipoti, kamera ilikuwa na chaji, nikaenda naye nyuma kwenye shuka la bluu. Nikiwa kule niliusikia umeme umerudi, kisha ukaondoka tena. Niliporudi mbele, benchi lilikuwa tupu. Nikadhani wamechoka kusubiri.

Kesho yake mchana Mwalimu Deo alikuja na askari. Midomo yake ilikuwa myeupe. Mtihani ulikuwa umekutwa kwa wanafunzi kabla haujafunguliwa bahasha, umechapwa safi, na wanafunzi waliobanwa walikuwa wamesema neno moja tu: umetoka steshenari kwa akina Skola. Umeme haukuwa umerudi tangu jana yake; askari walichomoa kila kitu, wakambeba Bibi, wakambeba Bi Harusi na nailoni yake, wakaibeba printa, wakaniambia mimi na Skola tuwafuate. Sokoni watu waliacha kupima mchele wakatutazama. Kituoni tulikaa kwenye benchi la ukuta, Jeni akilala mapajani kwa mama yake, na afande aliyetuhoji hakupaza sauti hata mara moja. Ningependa angepaza. "Nyie akina mama sina haja ya kuwapigia kelele," alisema taratibu, akifuta miwani. "Chumba kilikuwa na nyie wawili na mwalimu. Mwalimu ana karatasi zake zote. Mmoja wenu ameutoa mtihani. Nendeni mkalale, mfikirie, kesho asubuhi mje mmoja aseme. Asiposema, nitawaweka ndani wote wawili, na huyo mtoto mtafute wa kumwachia." Nilitaka kwenda haja, nikashindwa hata kuomba ruhusa.

Njiani Skola alitangulia mpaka tulipofika kwenye kisima. Akasimama, akanigeukia. "Oliva. Niambie mimi kabla hujawaambia wao. Uliwapa?" Nikamwambia, "Haki ya Mungu, dada, sijawapa." Akanitazama kwa muda, machoni kwangu, halafu puani, halafu miguuni, kama mtu anayekagua kitu cha kununua. "Basi nani?" aliuliza. Nilikuwa najua si mimi, na nilikuwa najua si yeye, lakini nikaanza kujiuliza ninajuaje kwamba si yeye, nikaona haya, nikajiuliza tena. Nadhani naye alikuwa huko huko. Watu wawili waliokuwa wanakula sahani moja, tukatembea barabara ile kila mtu upande wake.

Jioni ile Kaka Pius alifika kutoka Ikola, kapu la migebuka kichwani. Alikuwa ameshasikia, mjini hapa habari inafika kabla ya mwenyewe. Nilikuwa nimejilaza chumbani na Jeni, nimejifunika khanga gubigubi ingawa joto lilikuwepo, na walikaa upande wa pili wa hadibodi wakiongea kwa sauti ya chini. Sikuwa nasikiliza kwa makusudi. Hadibodi yenyewe haikuwa na siri. "Wewe una mtoto," nilimsikia Pius akisema. "Ukilala ndani, Jeni analala na nani? Na duka? Yule binti hana mtoto, hana duka, hana mume. Sema ni yeye. Sema ulitoka, ukamwacha peke yake na mashine. Si uongo, ulitoka." Nikasikia Skola anavuta pumzi. Nilijua anataka kujibu. Niliacha kuhema ili nisikie. Na wakati huo huo jirani akawasha mashine yake ya kusaga, hadibodi ikaanza kutetemeka, ikasaga na kusaga, na jibu la Skola likamezwa lote. Nilifikiria kutoroka, lakini niende wapi? Nilimshika Jeni mguu, mguu mdogo wenye vumbi, nikaushikilia kama ndio utakaonizuia nisichukuliwe. Sijawahi kuogopa namna ile tena, hata siku nilipojifungua mtoto wa kwanza na damu ikakataa kukata.

Mashine iliponyamaza, Skola aliniita kula. Nikatoka na jagi kama kawaida, na hapo likatokea jambo ambalo nililibeba maisha yangu yote. Alininyang'anya jagi. "Kaa," aliniambia, na sauti yake haikuwa ya kufoka. Akaninawisha mimi, mdogo, binti wa kazi, akanimiminia maji polepole hadi yakafika kwenye viwiko. Akaweka sahani mbele yangu. Ilikuwa na mgebuka mzima, mkubwa kuliko wote waliokuwa kapuni, amepikwa kwa karanga nyingi, mafuta yanaelea juu. Yeye hakula. "Nimeonja jikoni, nimeshiba," alisema, akakaa ananitazama. Pius alikuwa anatazama mlango. Na mimi, jamani, nilikula nikilia, kwa sababu nililipata jibu langu. Nilijua amekataa. Mtu hawezi kukunawisha mikono jioni halafu akakuuza asubuhi, ndivyo nilivyojiambia, na nilikula mgebuka yule hadi mifupa.

Asubuhi tulirudi kituoni. Mwalimu Deo alikuwepo, amekonda ghafla. Kompyuta ya kituo ilikuwa kwa fundi, hivyo afande alikuwa ameamua maelezo yetu yachapwe kwenye mashine zetu wenyewe. "Kielelezo au si kielelezo, kazi lazima iende," alisema, akamwagiza askari wake amuunganishe Bi Harusi na printa. Askari akachomeka, akawasha. "Haya, wakati inaamka, nani anaanza kusema?" Nilimtazama Skola. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani. Akasimama. Magoti yake yalikuwa yanacheza, niliyaona kwenye kitenge. "Afande," akasema, "mimi nina neno." Nikasema, Mungu wangu, anajitoa yeye. Anakwenda ndani kwa ajili yangu. Nilifungua mdomo nimzuie, na printa ikakoroma.

Ikakoroma, ikavuta karatasi, ikaitoa. Afande akageuka. "Nani amebonyeza?" Askari akainua mikono juu kama ndiye mshitakiwa. "Hakuna, afande, ndiyo kwanza nimewasha!" Ikatoka karatasi ya pili, na ya tatu. Mwalimu Deo aliinuka, akaiokota ya kwanza, akaisoma kichwa, akarudi kwenye kiti chake akakaa kama mtu aliyekatwa miguu. Ilikuwa Biolojia yake. Alikuwa mtu mwerevu, alielewa kabla yetu. "Ni mimi," alisema. "Siku ile nilibonyeza, haikutoa, nikabonyeza, nikabonyeza." Kila alipobonyeza, Bi Harusi alikuwa amelipokea agizo na kuliweka kwenye foleni, akisubiri draiva asiyokuwa nayo. Kufuta faili hakukugusa foleni. Siku nilipoweka draiva na umeme ukarudi, printa ikaanza kutimiza maagizo yale mbele ya wanafunzi waliokaa benchini, nao wakaokota, nani asingeokota? Umeme ukakatika katikati, na yaliyobaki yakasubiri hadi pale kituoni. Afande alivua miwani. Akacheka, kwanza kidogo, halafu sana, na kicheko kile kiliniogopesha kuliko ukimya wake wa jana, mpaka aliposema, "Nendeni nyumbani, jamani. Nendeni." Skola alikuwa bado amesimama. Nilimkumbatia, nikamwambia sikioni, "Dada, nilijua." Mwili wake ukawa mgumu kama mlango.

Mtihani ulitungwa upya. Tukarudishiwa mashine zetu. Mwisho wa mwaka nilikwenda Tabora kusoma, na Skola alinisindikiza hadi stesheni, hakuacha kuzungumza hadi treni ilipoondoka. Kuanzia hapo kila Krismasi nilipokea kifurushi kwa basi, migebuka na asali, hata miaka ambayo najua biashara yake ilikuwa taabani. Nilipomtembelea alininawisha. Mimi nikikataa anakasirika. Ananipikia mgebuka kwa karanga, anakaa ananitazama, haungani nami. Ameonja jikoni, ameshiba. Nilikuwa nawasimulia wanangu habari zake: kuna mwanamke Mpanda alisimama mbele ya polisi kwa ajili yangu. Mwanangu wa pili anaitwa Skolastika.

Mstari wa kijani ulifika mwisho, laptop ikaandika tayari. Wakati huo Kaka Pius alikuwa ameingia chumbani, mzee sasa, fimbo mkononi, amekaa kwenye ukingo wa kitanda akinitazama ninavyofanya kazi. Jeni alikuwa ametoka kufuata chakula. "Bado unaziweza hizi," Pius alisema. Nikamwambia ndizo zilizonitesa. Halafu nikasema, kwa kumfariji tu, mzee amefiwa na dada yake wa pekee, "Kaka, mimi siku ile nilikusikia. Kwenye hadibodi. Sikukuwekea kinyongo, ulikuwa unamhurumia dada yako. Na yeye alikukatalia." Nilidhani hajasikia, nikageuka. Alikuwa anaitazama fimbo yake. "Hakukataa, Oliva," alisema. "Alisema sawa. Alilia, kisha akasema sawa, nitamtaja. Halafu akafungua kapu langu, akamchagua mgebuka mkubwa kuliko wote, akasema huyu ni wa Oliva, huko anakokwenda hatakula vizuri."

Iliniuma, tena iliniuma kifuani kabisa, mahali pa kugusa kwa kidole. Nilimwona amesimama na kitenge cha kanisani, mimi nina neno, na safari hii nililisikia neno lenyewe. Lilikuwa jina langu. Nilimkasirikia marehemu, nikamkasirikia huyu mzee kwa kutonyamaza, nikajikasirikia kwa kulianzisha. Kisha nikakumbuka yale magoti yaliyokuwa yanacheza, na mwili uliokuwa mgumu nilipomwambia nilijua. Nilijua! Masikini wa Mungu, alidhani namwambia nini? Jeni akaingia na sahani, akaona sura yangu, akadhani ni printa. "Bado imegoma?" Nikabonyeza. Ratiba ikaanza kutoka, picha ya Skola juu kabisa, amecheka na meno yote. Jeni akaishika, akafuta macho. "Yaani mama mdogo, ukisema unakuja, mama hakamatiki. Anafagia mpaka uani kwa jirani. Siku hiyo hali, halali. Nilikuwa namtania, mama, huyu Oliva unamwogopa nini? Anasema, wee nyamaza, pika."

Alitandika mkeka, akaweka ugali na maharage ya msibani, jagi na beseni, akatoka kuwagawia waimbaji ratiba. Nilisikia nyimbo zinakatika, wakipokezana kuitazama picha. Kaka Pius hakusogea kwenye mkeka. Alikuwa ameweka mikono juu ya magoti, hanitazami. "Kula wewe," alisema. "Mimi nimeonja huko nje, nimeshiba." Nililichukua jagi. Nikapiga magoti mbele yake, nikasogeza beseni. "Nyosha mikono, kaka," nikamwambia. Akainyoosha. Nikammiminia maji polepole hadi kwenye viwiko, kisha nikakaa nikamsubiri mpaka alipokata tonge.